Vipuri vya mashine: maneno matatu yaliyonikalisha bandarini siku 23

Kontena langu la kwanza lilishushwa bandarini siku ya Jumatatu. Nililiona kwa macho wiki mbili baadaye, milango yote miwili ikiwa wazi, afisa wa forodha amesimama ndani akigonga kreti la mbao kwa kidole. "Dada, hivi ndivyo vipuri?" akaniuliza. Ndani ya kreti vilikuwemo vichwa vya cherehani za kiwandani, vimefungwa nailoni, kila kimoja na gurudumu lake na kibati chenye namba ya mashine. Mashine nzima, kumi na mbili. Na mimi mkononi nilikuwa na ankara iliyoandikwa maneno matatu: vipuri vya mashine.

Nina karakana ya kushona mashati ya kiume. Nilianza kwa kununua mashine mitumba, moja moja, mpaka nikachoka na mafundi wa kutengeneza na nikaamua kuagiza mpya moja kwa moja kutoka kiwandani. Nilijua bei ya mashine, nilijua nauli ya meli, na nilijua kwamba "kuna ushuru". Hilo la tatu ndilo sikulijua kabisa, ingawa nilidhani nalijua. Nayaeleza haya kwa sababu kila wiki napigiwa simu na mtu anayetaka kuagiza mzigo wake wa kwanza, na swali lake huwa lile lile nililouliza mimi: wakala gani wa forodha ni mzuri? Swali hilo linakuja mapema mno.

Maneno yale matatu yalitoka kwa muuzaji. Vichwa vilifungashwa kwenye kreti moja, meza kwenye jingine, mota kwenye la tatu, basi yeye akaona hivyo ni vipande vya mashine na akaandika hivyo. Wakala wangu alinakili alichokikuta kwenye ankara na kuchagua msimbo wa vipuri. Mimi niliweka saini. Hakuna aliyefungua kitabu cha ushuru kutazama.

Kile kitabu kina mantiki yake, na ukishaielewa hofu inapungua. Bidhaa zote duniani zimepangwa kwenye mfumo mmoja wa misimbo, ule tunaouita HS, unaosimamiwa na Shirika la Forodha Duniani na unaotumika tangu tarehe 1 Januari 1988. Tarakimu sita za mwanzo ni zile zile katika nchi zote zinazoutumia. Baada ya hapo kila nchi huongeza zake kwa ajili ya viwango vyake. Cherehani ziko kwenye kifungu 8452. Ya nyumbani ni 8452.10. Za kiwandani zinazojiendesha zenyewe ni 8452.21, nyingine 8452.29. Sindano zina mahali pake, 8452.30, na meza, vitako na vipuri vingine viko 8452.90. Kuna pia kanuni sita za jumla za kusoma mfumo huo, na sehemu ya kwanza ya kanuni ya pili inasema kitu kilichokuja kimefunguliwa vipande, lakini vipande vyote vimo kwenye mzigo huo huo, kihesabiwe kama kitu kizima. Yaani vichwa vyangu, meza zangu na mota zangu, hata vikiwa kwenye makreti matatu, ni mashine kumi na mbili.

Kilichonivunja moyo ni hiki. Katika jedwali la ushuru nililokuwa chini yake, cherehani ya kiwandani ilihesabiwa kama mtambo wa uzalishaji na ushuru wake ulikuwa asilimia 0. Vipuri vilikuwa na asilimia 10. Ningesema ukweli kwa maneno sahihi, ningelipa pungufu. Nilikuwa nimejitangazia ushuru nisiodaiwa, na papo hapo nimejitilia shaka, kwa sababu afisa akikuta mashine nzima chini ya jina la vipuri swali linalofuata ni moja tu: na bei je?

Bei ndiyo ilikuwa kosa langu mwenyewe, na hapa simlaumu mtu. Wakati wa kuagiza, muuzaji aliniandikia kwenye simu: "Niandike nusu kwenye ankara? Wateja wangu wengi hupenda hivyo." Nilijibu neno moja: "Sawa." Lilinichukua sekunde. Sikuuliza nusu hiyo itanisaidia nini wala itanidhuru vipi. Afisa alipoomba uthibitisho wa malipo, karatasi ya benki ilionyesha fedha kamili niliyotuma, mara mbili ya iliyo kwenye ankara. Niliikabidhi huku mkono ukinitetemeka. Hakunipigia kelele. Aliziweka karatasi mbili kando kando mezani, akazisawazisha kingo, akanitazama. Mpaka leo nikiweka saini kwenye ankara naiona ile meza.

Kama mashine hazina ushuru, nusu ile ingepunguza nini? Kodi ya ongezeko la thamani tu, ambayo mfanyabiashara aliyesajiliwa mara nyingi huidai tena kwenye mauzo yake. Nilihatarisha jina langu kwa kitu ambacho huenda nisingekiona mfukoni. Faini niliyolipa ilizidi mara kadhaa kile ambacho uongo ule ungeniokolea.

Baada ya hapo walihesabu kila kitu. Mota zilikuwa kumi na sita, mashine kumi na mbili. Nne za akiba hazikuwa sehemu ya mashine yoyote, zikapelekwa kwenye kifungu cha mota za umeme, 8501, chenye kiwango chake. Sindano zikawekwa mstari wake. Haki kabisa, na yote yangeandikwa tangu mwanzo kama ningemwambia muuzaji aorodheshe kila kitu kwa jina, idadi na kazi yake. Siku hizi ankara zangu hazina neno "vipuri" peke yake. Zinasema: "cherehani ya kiwandani ya sindano moja, kamili na meza na mota, seti 12; mota ya akiba ya cherehani, 4."

Siku 23 mzigo ulikaa. Watu huogopa ushuru, lakini mimi kilichoniuma zaidi ni kukaa. Kuna tozo ya bandari ya kuhifadhi mzigo. Kuna demareji, ambayo ni ya kampuni ya meli kwa sababu kontena lao halijaondoka bandarini baada ya siku za bure kwisha. Ukishalitoa ukachelewa kulirudisha tupu, kuna tozo nyingine tena. Kwa kawaida zinahesabu Jumamosi na Jumapili, na nyingi hupanda kadiri siku zinavyosonga. Siku zangu za bure zilikuwa saba, nami nilizimaliza nikisubiri hati halisi ya shehena, karatasi ya kampuni ya meli ya kuchukulia mzigo, ifike kwa ndege, kumbe ningeweza kukubaliana na muuzaji aisalimishe kule kwake na mzigo uachiliwe huku bila karatasi ile. Nilipojumlisha, gharama za kukaa zilikuwa kubwa kuliko faini.

Kilichonitoa ni mzee mmoja, wakala wa siku nyingi, ambaye mama yangu mdogo alinipeleka kwake siku ya kumi na sita. Alisoma faili langu kimya, kisha akaniuliza, "Umeomba kuweka dhamana, mwanangu?" Sikuelewa. Akanieleza kwamba ubishi ukiwa juu ya thamani na uamuzi wa mwisho unachelewa, mkataba wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu thamani ya forodha, kwenye kifungu chake cha 13, unataka mwagizaji aweze kuchukua mzigo wake kwa kuweka dhamana ya kutosha, na ubishi uendelee ofisini badala ya kuendelea bandarini. Kifungu cha 16 kinakupa haki ya kuomba maelezo ya maandishi ya namna thamani ilivyofikiwa. Cha 11 kinakupa haki ya kukata rufaa bila kuadhibiwa kwa kukata rufaa. Nilikuwa nimekaa siku zote hizo nikidhani kazi yangu ni kubembeleza. Kazi yangu ilikuwa kuandika barua. Tuliiandika jioni ile ile.

Mzee yule aliniambia jambo la pili ambalo nalirudia kwa kila anayenipigia: tamko la forodha ni la kwako. Wakala anaandika kwa niaba yako, lakini deni, faini na historia vinabaki kwenye namba yako ya mlipakodi. Wakala wangu wa kwanza alikuwa kijana mwenye bidii, sina kinyongo naye. Ila hakuwahi kushika cherehani maishani mwake. Mimi ndiye niliyejua tofauti ya kichwa na kipuri, na mimi ndiye niliyesaini bila kusoma.

Kabla ya mzigo wa pili nilijifunza kupiga hesabu mwenyewe, na naomba usipite hapa haraka. Kiwango kikisema asilimia 10, usichukue asilimia 10 ya bei ya kiwandani ukadhani umemaliza. Nchi nyingi hutoza juu ya thamani ya CIF, yaani bei ya mzigo pamoja na bima na nauli mpaka kufika. Marekani ni mfano wa nchi inayotoza juu ya bei ya kule ulikopakiwa, bila nauli ya kimataifa. Kisha kodi ya ongezeko la thamani hutozwa juu ya jumla iliyokwisha kuwa na ushuru ndani. Tuchukue viwango vya kufikirika: mzigo 100, nauli 12, bima 1, ushuru asilimia 10, kodi ya ongezeko la thamani asilimia 20. Thamani ya forodha ni 113. Ushuru ni 11.30. Sasa uko kwenye 124.30, na asilimia 20 yake ni 24.86. Umelipa 36.16 juu ya mzigo wa 100, na bado hujaongeza tozo ndogo ndogo, bandari, wakala na lori. Niliwahi kumwona mtu ameuza bidhaa zake zote kwa faida aliyodhani ni asilimia 20, na alipokaa kuhesabu alikuta amewapa wateja fedha yake.

Mzigo wa pili ulipita vizuri. Wa tatu pia. Nikatulia, na kutulia ndiko kulikoniletea wakaguzi.

Walikuja ofisini mwaka mmoja na miezi kadhaa baada ya mzigo kuondoka bandarini. Ukaguzi wa baada ya kutoa mzigo ni kazi ya kawaida ya forodha, na kadiri bandari zinavyotakiwa kuharakisha ndivyo ukaguzi unavyohamia kwenye daftari lako. Safari hii ni vifungo vya mashati. Nilikuwa nimeagiza vifungo vya plastiki vyenye alama ya karakana yetu, kifungu 9606, na kwa ajili ya alama ile nilimlipa fundi wa huko kutengeneza kalibu ya chuma, akaipeleka kwenye kiwanda kinachotengeneza vifungo. Kiwanda hakikunitoza kalibu, kwa hiyo ankara yake ilikuwa ndogo, na ilikuwa ya kweli. Nilitangaza bei ile ile niliyolipa. Sikuficha kitu.

Kumbe kalibu ni sehemu ya thamani. Kifungu cha 8 cha mkataba ule ule kinaorodhesha vitu vinavyoongezwa juu ya bei: kamisheni, isipokuwa ile unayomlipa wakala wako wa kununua, mrabaha wa alama au hataza ukiwa sharti la kuuziwa mzigo, na vitu ambavyo mnunuzi amempa mtengenezaji bure au kwa bei ndogo, zikiwemo kalibu, zana na malighafi. Mkaguzi aliikuta hundi ya kalibu kwenye vitabu vyangu vya hesabu, nilikoiandika kwa mkono wangu. Nililipa tofauti na riba. Nilichofanikiwa ni kuonyesha kwamba kalibu ile itazaa vifungo vya mizigo mingi, nikaomba gharama yake igawanywe juu ya uzalishaji wote uliopangwa badala ya kubebeshwa mzigo mmoja. Wakakubali. Ukiwa na jambo kama hilo, lieleze wewe kabla hawajalikuta. Mkaguzi anayesoma barua yako ya maelezo na mkaguzi aliyeigundua hundi yako hawaongei kwa sauti moja.

Kuuza nje nilidhani ni rahisi. Nani anatozwa ushuru kwa kuuza? Nilipata mnunuzi wa mashati ya pamba katika nchi yenye mkataba wa biashara na ya kwetu, mashati yetu yaingie kwake bila ushuru. Nilijaza tamko la uasili wa bidhaa kwamba yametengenezwa hapa. Na yalitengenezwa hapa! Niliyakata mimi, tukayashona, tukayapiga pasi, tukayafunga. Wasichana kumi na wanne walilipwa mshahara kwa mashati yale. Nilisaini kwa moyo mweupe.

Kitambaa kilitoka nchi ya tatu. Kanuni ya mkataba ule kwa nguo za sura ya 62 ilitaka kazi ianzie kwenye uzi, maana yake kitambaa kifumwe na shati lishonwe ndani ya nchi za mkataba. Kukata na kushona peke yake hakukutosha. Kuna mikataba mingine ambayo kushona kunatosha, na mingine hupima kwa asilimia ya thamani, na mingine kwa kuangalia kama msimbo wa malighafi umebadilika kuwa msimbo mwingine. Neno "imetengenezwa hapa" kwenye lebo halikuambii lolote kuhusu kanuni ipi inakuhusu. Lazima usome kiambatisho chenyewe, mstari wenye msimbo wako.

Forodha ya kule iliandika kuuliza uthibitisho miezi mitano baadaye. Mnunuzi wangu akadaiwa ushuru wa asilimia 12 kwa mizigo miwili aliyokwisha kuiuza. Alinipigia simu usiku. Hakugomba, alisema tu, "Mama, bei niliyowauzia wateja wangu siwezi kuirudia." Tuligawana hasara, zaidi ikawa upande wangu, na nilikopa kulipa mishahara ya mwezi ule. Niliwaeleza wasichana ukweli. Hilo lilikuwa gumu kuliko kuandika hundi.

Tulirudi kwenye biashara na mnunuzi yule baada ya kupata kitambaa kilichofumwa katika nchi nyingine mwanachama wa mkataba. Mkataba unaruhusu malighafi ya mwanachama ihesabiwe kama yetu, mradi muuzaji wa kitambaa atoe tamko lake la uasili kwa kila mzigo. Ni ghali zaidi kwa mita, lakini shati linafika bila ushuru na mimi nalala. Kabla ya kuagiza nilifanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya miaka yote hiyo: niliomba uamuzi wa awali. Unaiandikia forodha, unaeleza bidhaa, unaambatisha sampuli na picha, na wanakujibu kwa maandishi msimbo au uasili utakaotumika, jibu linalowabana wao pia kwa muda uliowekwa. Mkataba wa uwezeshaji biashara ulioanza kutumika tarehe 22 Februari 2017 unawataka wanachama wa Shirika la Biashara Duniani (WTO) kuwa na utaratibu huo. Mimi nilipeleka shati moja, kipande cha kitambaa na karatasi mbili za maelezo. Majibu yalichukua wiki kadhaa. Mzigo ulikuwa bado haujanunuliwa, kwa hiyo hakuna siku hata moja iliyotozwa.

Kuna fedha moja ambayo sitaipata tena. Ukiingiza kitambaa kwa ushuru, ukakishona, ukauza nje shati, nchi nyingi hukurejeshea ushuru wa kile kitambaa. Nilikuja kulijua hilo nikiwa nimesafirisha mashati kwa miaka miwili. Nikajaza ombi, nikaambiwa nionyeshe ni kitambaa cha tamko lipi kimeingia kwenye mashati ya ankara ipi, mita ngapi kwa shati, mabaki kiasi gani. Sikuwa na kitu. Majora yote yalikuwa yamepangwa kwenye rafu moja, ya mzigo huu na ya mzigo ule, na karatasi za ukataji tulikuwa tukizitupa kila Ijumaa. Kwa mizigo mingine muda wa kudai ulikuwa umekwisha vilevile.

Sasa kila jora likiingia linashonewa kitambulisho chenye namba ya tamko la forodha, na mkataji haruhusiwi kuanza kabla hajainakili namba hiyo juu ya karatasi yake, pamoja na mita alizotandaza na uzito wa mabaki. Mwanzoni alinung'unika. Jana alikuja kwangu na jora ambalo kitambulisho chake kimechanika, akakataa kulikata mpaka tulipolipata tamko lake kwenye faili, na foleni ya kazi ikasimama karibu saa nzima. Ombi letu la kwanza la kurejeshewa liko forodhani tangu mwezi uliopita, kurasa kumi na nane, kila shati na jora lake.